Ukuta unalowa bila mvua wala bomba: nyumba ya mawe Mji Mkongwe, wakaguzi njooni tusaidiane

MkaguziUnguja

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kazi yangu ni kukagua nyumba kabla mtu hajatoa pesa zake. Mnunuzi ananiita, napita chini mpaka juu, naandika ripoti, uamuzi unabaki kwake. Nyumba za tofali la simenti tumeshazizoea. Sasa nimepewa nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe: chini na ghorofa mbili, kuta za matumbawe karibu sentimita 60, boriti za mikoko, na juu bati lililowekwa baadaye kufunika paa la zamani la chokaa.

Tatizo liko chumba cha chini kinachopakana na kichochoro. Ukuta umelowa toka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Rangi imetoa malengelenge, ukilipasua moja kwa ukucha unaanguka unga mweupe. Nimeuonja, ni chumvi tupu.

Nilichokwisha fanya: nimefunga koki zote jioni nikasoma mita ya maji, asubuhi namba haikusogea. Choo na jiko viko upande wa pili wa nyumba. Kichochoroni hakuna gata inayomwaga maji pale. Kipima unyevu changu, hiki cha pini mbili, kinafika mwisho kila ninapokichomeka, hata ghorofa ya kwanza kwenye ukuta ambao ukiupapasa ni mkavu. Na hili ndilo lililonivuruga kabisa: bibi wa nyumba ya jirani anasema ukuta huo kiangazi unakauka wenyewe, masika unalowa hata siku ambazo mvua haikunyesha.

Muuzaji keshapiga lipu ya simenti ukuta mzima na rangi ya mafuta juu yake. Mnunuzi ananiuliza swali moja tu, panavuja au hapavuji. Niandike nini?

Kidume_wa_Tandale

Andika kuna jini maji mle ndani, bei itashuka yenyewe.

NondoNaZege

Mkuu, mbona hili liko wazi. Nyumba za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi, maji ya ardhini yanapanda. Bandua lipu yote, piga nyingine ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji, mita moja na nusu kwenda juu, maliza na rangi ngumu. Kazi imekwisha. Kwenye ripoti andika "unyevu wa ardhini, unatibika" na uweke makadirio ya gharama.

MzeeWaChokaa

Mwanangu NondoNaZege, usinichukie, lakini dawa hiyo ndiyo inayomaliza nyumba za kwetu Lamu na za huko Unguja.

Ukuta wa zamani haukujengwa kuzuia maji. Ulijengwa uyaingize na uyatoe. Nje kuna uso wa mawe, ndani kuna uso wa mawe, katikati kumejazwa vifusi vya matumbawe na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Maji yanapanda kidogo kutoka chini, mvua inalowesha nje kidogo, jua na upepo wa kichochoroni vinakausha. Chokaa ina matundu madogo madogo, mvuke unapita. Ukuta wa namna hii ukiupiga simenti pande zote mbili, maji yaliyokuwa yanatokea usawa wa goti hayana tena pa kutokea. Yanapanda mpaka yapate mlango. Leo umeyaona kifuani. Ukipiga hiyo mita moja na nusu unayoisema, mwakani utayaona juu ya mita moja na nusu.

Halafu chumvi. Maji yanapokauka, chumvi inabaki ilipokaukia. Kwenye lipu ya chokaa inabaki juu juu, unapiga brashi, na kila baada ya miaka unapaka chokaa upya, kwisha. Kwenye simenti inagandia nyuma ya lipu, inavimba, inaisukuma lipu itoke vipande vizima na uso wa jiwe umeshikana nayo. Nenda na nyundo ndogo, gonga lipu hiyo kwa nyuma ya nyundo. Pale inapolia kopo, imeshaachana na ukuta.

Kitu kingine usichokitaja ni timazi. Shusha timazi kutoka dari mpaka sakafu katika sehemu kadhaa. Udongo wa katikati ukilowa muda mrefu unaliwa na kushuka, uso wa mawe unatoa tumbo. Ukuta wenye tumbo unanitisha kuliko ukuta wenye maji.

NondoNaZege

Mzee shikamoo. Nimekusoma. Lakini hoja yako bado haijajibu swali la bibi jirani. Kama maji ni ya ardhini, kwa nini yaje masika bila mvua na yaondoke kiangazi? Maji ya ardhini hayana kalenda ya namna hiyo.

BintiMakadara

Hapo ndipo penye utamu. Niko Mombasa, kazi yangu ni umeme wa majumbani ila nyumba za Mji wa Kale nazijua kwa sababu nazitoboa kila wiki.

Ndugu yangu MkaguziUnguja, umeonja chumvi kisha ukaiacha ipite. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwenda juu inaanza kunywa maji ya hewani mpaka inayeyuka. Chini ya hapo inarudi kuwa unga. Kila jiko la pwani linalijua hili: masika kikopo cha chumvi kinalowa chenyewe kabatini, wala hakuna aliyekimwagia maji. Huku kwetu mwezi wa nne hewa inakaa juu ya kiwango hicho muda mwingi. Ukuta wako una chumvi ya matumbawe yenyewe, ya mchanga wa pwani uliochanganyiwa lipu, ya maji ya kisima yaliyokorogea udongo, na ya upepo wa bahari wa miaka yote hiyo. Kwa hiyo unalowa kutoka chumbani. Hakuna kinachovuja.

Uliza pia chumba hicho kilikuwa na kazi gani zamani. Vyumba vya chini vya nyumba hizi vingi vilikuwa maghala. Kama walihifadhi papa wa chumvi mle, ukuta utakumbuka hata baada ya wajukuu.

Na kipima chako cha pini hakipimi maji. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini mbili, kisha kinabadilisha jibu kuwa asilimia kwa hesabu iliyotengenezewa mbao. Chumvi inapitisha umeme vizuri mno, ndiyo maana ukuta mkavu wa ghorofani umekupa namba ya mafuriko. Usiandike namba hizo kwenye ripoti kabisa. Wakili wa muuzaji atakushika hapo hapo.

Jaribio la bure: kwangua rangi sehemu moja, ipanguse ikauke, kisha bandika kipande cha karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kingo zote nne uzibe kwa gundi ya utepe. Rudi baada ya siku chache. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji ni ya hewani. Yakiwa nyuma ya karatasi, yanatoka ukutani. Fanya chini karibu na sakafu na fanya juu usawa wa kifua, maana zinaweza kuwa sababu mbili tofauti.

MkaguziUnguja

Dada, hili la asilimia 75 limenifungua macho. Nina kipima hewa kidogo, leo chumbani kimesoma 84 na madirisha yamefungwa. Kwa hiyo tunaacha kipima pini, tunatumia nini ukutani?

BintiMakadara

Ukitaka jibu la maabara, kuna chupa ya kabaidi. Unatoboa ukuta kwa drili ya taratibu, unakusanya unga wa jiwe gramu chache, unauweka kwenye chupa ya chuma pamoja na unga wa kabaidi, unafunga na kutikisa. Maji yaliyomo kwenye unga yanazaa gesi, geji ya kwenye kifuniko inasoma msukumo. Ni kabaidi ile ile ya kuchomea vyuma, na ya wale wauza ndizi wasio na subira. Chukua unga wa juu juu, kisha wa kina cha kidole, kisha wa kina cha kiganja. Uso ukiwa na maji kuliko ndani, ni chumvi na hewa. Ndani kukiwa na maji zaidi na yanaongezeka ukishuka, ni ardhi.

Dalali_Msomi

Nyie watu ndio mnaharibu soko. Nyumba imesimama zaidi ya miaka mia, Waarabu wameishi, Wahindi wameishi, leo mtu anakuja na karatasi ya kuchomea samaki eti apime. Mteja akisoma ripoti zenu anakimbilia kununua fleti Fumba.

MzeeWaChokaa

Imesimama miaka mia bila simenti, kijana.

Ughaibuni_Toronto

Habari zenu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mtoto wa Malindi ya Unguja, nafanya ukaguzi wa nyumba huku Kanada, nasoma uzi huu kwa raha.

Nichangie upande wa utaratibu. Huku ukaguzi ni wa macho tu. Siruhusiwi kutoboa, kubandua wala kuhamisha kabati la mtu. Nyumba bado ni ya muuzaji. Kwa hiyo nusu ya ripoti yangu ni orodha ya nisivyoviona na sababu: dari limezibwa, theluji imefunika paa, stoo imejaa maboksi. Mwanzoni wateja wanaona kama nakwepa kazi. Lakini ile sehemu ya "sikuona" ndiyo wanayoitumia kudai bei ishuke au pafunguliwe.

Nasi tuna vituko vyetu. Nyumba za hapa za kabla ya miaka ya 1940 unakuta waya za umeme mbili mbili, kila mmoja unapita peke yake darini umeshikiliwa na vigingi vya kauri, hakuna waya wa ethi kabisa, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukiuona mwenyewe ulivyonyooka unaupenda. Lakini mtu amekuja miaka ya baadaye akamwaga pamba ya kuzuia baridi juu yake, na waya ule ulitegemea hewa ya wazi upoe. Kampuni nyingi za bima zikisikia uko ndani hazikupi bima. Ni hadithi ile ile ya mzee: mfumo ulikuwa sawa kwa mantiki yake, aliyekuja kuuboresha hakuuliza unafanyaje kazi.

Swali kwa MkaguziUnguja: dari la chumba hicho umeliona? Boriti umezigusa?

MkaguziUnguja

Hapo ndipo nilipokwama pa pili. Chumba hicho kina dari jipya la jipsamu, safi, na taa za duara. Boriti sizioni. Ghorofa ya kwanza nimeziona, nimezichoma kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, ngumu, zinarudisha mkono. Ila kwenye chumba cha chini, juu ya ukuta uliolowa, ndipo siwezi kufika.

Ghorofa ya kwanza juu ya chumba hicho hicho wamemwaga zege na kutandika vigae. Na juu kabisa, pembeni ya bati, kuna simtanki mbili.

NondoNaZege

Sasa umenirudisha kwenye uwanja wangu, na hapa sitanii.

Zege la simenti ni kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Ukimwaga sentimita 10 tu, ni kilo 240 kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 ni mita 15 za mraba, hizo ni tani 3.6 ulizoongeza, bado vigae. Na huwezi kusema zege limechukua nafasi ya kitu, kwa sababu sakafu ya zamani iko chini yake: boriti, mawe bapa juu ya boriti, kisha chokaa na kokoto zilizoshindiliwa. Ile peke yake ni nzito.

Tangi: lita moja kilo moja. Kama kila simtanki ni la lita 2,000, hizo ni tani nne zimekaa mahali padogo juu ya ukuta ambao waliojenga hawakuujengea tangi.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ndiyo iliyopanga upana, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kisha ukuta. Mtu akivunja ukuta wa kati apate sebule pana, amekata mguu wa meza. Tembea ghorofani, pima upana wa vyumba kwa utepe. Ukikuta chumba kipana kupita vingine vyote, uliza nani alivunja na aliweka nini badala yake.

Na kama kuna nondo humo zilizomwagiwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, chumvi inazila. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inapasua zege kutoka ndani. Kabla hujaona nondo, utaona mstari mwembamba wa ufa unaofuata nondo, wenye rangi ya chai.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jumba la Sultani Barghash la 1883, urithi wa dunia pamoja na Mji Mkongwe wote tangu 2000, na lilikuwa linakarabatiwa siku hiyo. Watu wawili walikufa. Sisemi nyumba ya mteja wako ni hiyo. Ila ukikagua nyumba ya mawe iliyo katikati ya matengenezo, au iliyotoka tu kutengenezwa, kaa macho kuliko ukiikuta imechoka na haijaguswa. Mzigo uliozoea njia moja umelazimishwa njia nyingine.

Kidume_wa_Tandale

Nimefunga mdomo. Endeleeni.

MzeeWaChokaa

Umesema vyema NondoNaZege, sasa tunaelewana.

Kuhusu boriti. Mti wa mkoko mchwa hawaupendi, una ukali wake. Lakini ukikaa umelowa mwaka hadi mwaka ukali unatoka, kuvu linaingia, na ndipo mchwa nao wanakaribishwa. Boriti haifi katikati ya chumba. Inafia kichwani, ile sehemu ya kiganja kimoja au viwili iliyomo ukutani. Ukiitazama kutoka chini ni nzima, nyeusi, inapendeza. Kichwani imekuwa ugoro. Sasa wewe una ukuta uliolowa, umezibwa simenti usipumue, na juu yake vichwa vya boriti, na juu ya boriti zege na vigae, na chini yake mtu kaweka dari jipya. Mbona dari jipya katika chumba kimoja tu?

Kama hawataki pafunguliwe, panda ghorofani ulaze rula ndefu juu ya vigae, au uzungushe lile bomba la maji ambalo mafundi wanapimia usawa. Vichwa vikishuka, sakafu inashuka upande wa ukutani, si katikati. Angalia vigae vya mwisho kabisa, kama kuna mwanya chini ya ukuta uliojazwa upya kwa simenti nyeupe.

BintiMakadara

Na umeme usisahaulike maana ukuta wenye chumvi na maji ni habari yangu.

Huku Mombasa nyumba nyingi zina shawa ya umeme ya kichwani, ile inayochemsha maji yanapopita. Wati 5,500 kwa volti 230 ni karibu ampia 24. Nimezikuta zimeungwa kwenye waya mwembamba wa taa. Maji ya visima vya hapa yana chumvi, na zipo shawa zinazotengenezwa mahsusi kwa maji hayo. Watu wananunua ile ya bei nafuu ya maji baridi ya kawaida, kisha wanashangaa koki inawatekenya.

Sasa ethi. Nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe iliyozikwa, kwenye mwamba mkavu wa matumbawe, si ajabu ukapima ukinzani wa omu 100. Piga hesabu: volti 230 gawa kwa 100 unapata ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haitajua hata kama kuna kilichotokea. Waya umegusa bomba, bomba lina umeme, breka imelala. Kinachookoa hapo ni kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30, chenye kitufe cha kujaribia. Bonyeza kitufe. Kisipokata, andika kwa herufi kubwa. Na waya waliozika ndani ya lipu ile ya simenti bila bomba la plastiki, kwenye ukuta unaolowa kila masika, mimi nisingelala mle.

Ughaibuni_Toronto

Dada, hiyo shawa ukiionyesha hapa Toronto wanapiga picha waende kuiweka ukutani ofisini.

Dalali_Msomi

Haya, niulize kwa ustaarabu. Nyumba hiyo ina chumba cha juu kilichovuka kichochoro, kimekaa juu ya njia, boriti zake zimeshika ukuta wa nyumba ya pili. Mteja anaambiwa nacho ni chake. Wakaguzi mnakishughulikia vipi?

MzeeWaChokaa

Hiyo kwetu ni wikio. Lamu ziko nyingi. Nusu ya mzigo wako umekaa kwenye ukuta wa mwenzio. Ukikagua wikio bila kuingia nyumba ya pili, umekagua upande mmoja wa daraja.

MkaguziUnguja

Kumbe Dalali nyumba unaijua. Ni kweli kipo, nami nimekitaja kwenye ripoti: nimeomba ruhusa ya kuingia kwa jirani, bibi yule yule, kakubali. Ukuta wake upande huo una chokaa ya zamani na ni mkavu, boriti za wikio zimeshika vizuri kwake. Nani mwenye chumba ni suala la hati, si la nyundo yangu. Nimemwambia mnunuzi akaulize pia Kamisheni ya Wakfu, maana nyumba za wakfu humu mjini ni nyingi, na apite Mamlaka ya Mji Mkongwe aone kama lile zege la ghorofani liliombewa kibali.

Sasa majibu ya jaribio. Karatasi ya chini karibu na sakafu imelowa pande zote mbili. Ya usawa wa kifua imelowa upande wa chumbani tu, nyuma kavu kabisa. Chupa ya kabaidi sikuipata hapa Unguja, nimetoboa tu kwa kina tofauti na kuutazama unga: kifuani uso unanata, ndani unamwagika kama mchanga mkavu. Chini ndani kunanata pia.

Nimeandika hivi, mnikosoe:

"Ukuta wa kichochoroni una unyevu wa aina mbili. Sehemu ya chini inapokea maji ya ardhini, jambo la kawaida kwa nyumba zisizo na kizuizi msingini. Sehemu ya juu inalowa kwa chumvi iliyomo ukutani inayovuta maji ya hewani msimu wa masika. Hakuna dalili ya bomba kuvuja. Lipu ya simenti na rangi ya mafuta vinazuia ukuta kukauka. Lipu imeachana na ukuta katika sehemu nyingi zilizogongwa. Vichwa vya boriti za chumba hiki HAVIKUONEKANA kwa sababu ya dari la jipsamu. Ghorofani juu yake kumeongezwa zege na vigae. Sakafu hiyo imeshuka kuelekea ukuta huo. Sipendekezi malipo yoyote kabla dari halijafunguliwa."

NondoNaZege

Imeshuka kiasi gani?

MkaguziUnguja

Milimita 22 ndani ya mita tatu. Na mwanya wa vigae alioutaja mzee upo, umejazwa simenti nyeupe.

NondoNaZege

Basi toa watu wanaolala chumba cha chini leo, usingoje ripoti ichapwe. Na mwambie muuzaji amwage maji ya yale matangi, hata nusu. Ukishapata nafasi ya kufungua dari, kwanza pigilia mirunda chini ya boriti, kisha ndipo ukate jipsamu. Si kinyume chake.

Ughaibuni_Toronto

Ripoti nzuri. Ningeongeza tarehe, saa na kile kipimo cha hewa cha 84, ili atakayekuja kiangazi akaukuta ukuta mkavu asiseme ulidanganya.

BintiMakadara

Na kitufe?

MkaguziUnguja

Nimebonyeza dada, hakikukata. Kiko kwenye ukurasa wa kwanza.

Muuzaji hataki dari livunjwe, anasema ni jipya.

MzeeWaChokaa

Asipofungua, piga bei kana kwamba boriti zote za chumba hicho zimekwisha vichwa, na ukuta unajengwa upya mpaka dirishani. Mwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi. Atafungua.

MkaguziUnguja

Nimemtumia hesabu jana usiku. Leo asubuhi kapiga simu mwenyewe: anaruhusu tundu moja la ukubwa wa sahani, kona ya kichochoroni. Chumba kimeshahamwa na tangi moja limemwagwa. Fundi wa mirunda anakuja kesho saa mbili, nitaweka picha hapa.